Shamba la Kuazima

Ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nimeona niiandike kabla mkono haujawa mzito zaidi. Nimesikia kwamba wewe na wenzako wa darsa mnajiandaa kwenda Pemba wakati wa likizo, kuwahimiza watu wa kwetu walime bila dawa na bila mbolea ya viwandani. Mmekipa jina zuri, kilimo hai. Nimefurahi mno, na namshukuru Mungu aliyeniweka mpaka nikawaona wajukuu waliozaliwa hapa London wakiizungumza ardhi ya kwetu kana kwamba wameikanyaga. Lakini kabla hujafunga sanduku lako, kaa kidogo unisikilize. Sisi pia tuliwahi kuitaka kazi hiyo, na kidogo tu tungemkosesha mtu chakula chake.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Mapinduzi yalikuwa yamepita zamani, nasi tuliokuja huku baada yake tulikuwa tumeshazoea kuvaa makoti. Nilikuwa nikiishi Kilburn, fleti ya kupanga, ghorofa ya tatu, na kazi yangu ilikuwa jikoni katika hospitali moja. Sikuwa na udongo hata wa kujaza kiganja. Mvua ikinyesha nilikuwa nafungua dirisha na kutoa uso nje, nikingoja ile harufu inayopanda kwetu matone ya kwanza ya vuli yanapogusa ardhi iliyokauka. Haikuja. Mvua ya hapa ilinuka lami na moshi wa mabasi, nami nilikuwa nafunga dirisha nikijiambia kwamba pengine pua yangu ndiyo imesahau.

Usidhani hamu ya namna hiyo ni jambo dogo. Mtu anaweza kula, kufanya kazi, kusali na kucheka na watu, na muda wote sehemu fulani ndani yake imechuchumaa bondeni inapandikiza mpunga. Wengi wetu tulikuwa hivyo. Tulipokutana Jumapili kwenye ukumbi mdogo wa kukodi, mazungumzo yalianza na habari za London na kila mara yakaishia shambani: fulani amepata muhogo mzuri, kwa fulani kumekauka, watu wanatia mbolea ya dukani siku hizi na bado ardhi haitoi kitu.

Rafiki yangu Hamadi ndiye aliyetuwasha moto. Hamadi alikuwa dereva wa basi, mtoto wa mjini Unguja, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa akisoma masomo ya jioni ya kilimo, na huko akajifunza habari za mti mmoja unaostawi katika nchi za joto. Unakata vijiti vyake, unavichomeka kwa mistari katikati ya mimea, vinaota. Majani yakiwa mengi unayapunguza na kuyafukia, na udongo unarudisha nguvu zake bila mfuko wa mbolea. Jina lake la kitaalamu lilitushinda kutamka, tukauita mti wa mbolea. Tukapanga tuanze na shamba moja la mfano, mahali penye wapitanjia, watu wajionee kwa macho yao.

Mungu akajaalia kwamba mwezi ule shangazi yangu, Bi Mize, alikuwa London. Binti yake wa Harrow alimleta atibiwe jicho, lakini mchana wote alikaa kwangu Kilburn, kwa kuwa kwa bintiye, alisema, kuna zulia mpaka msalani na yeye hajui pa kuweka miguu. Shangazi Mize alikuwa mjane. Kule Pemba alikuwa akilea wajukuu zake yatima, na shamba lake lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Wete. Siku ya kwanza alipoliona sanduku langu la mchicha dirishani alilitazama kwa jicho lake zima.

"Hili ndilo shamba lako, Saidi?"

"Ndilo, shangazi."

"Basi ukivuna niite, nije na pakacha."

Nikampeleka ukumbini Jumapili. Hamadi akaeleza habari za miti yake mpaka chai ikapoa. Shangazi akamsikiliza kwa utulivu, kisha akauliza, "Na mbuzi hawaili hiyo miti?"

"Wanaila, Bi Mize. Lakini ikiliwa inachipua tena."

"Ala! Basi hiyo ni miti ya Kipemba hasa. Huliwa kila mwaka na bado imo."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwona shangazi amefurahi kikweli, anauliza vijiti vinakatwa urefu gani, vinachomekwa msimu gani. Hapo Hamadi, kwa furaha yake, akasimama na kumpigia kelele mzee aliyekuwa amekaa upande wa pili karibu na mlango.

"Ami Faki! Na shamba lenyewe si lako? Mambo yamekwisha! Bi Mize anakwenda kupanda miti shambani kwako!"

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo lazima nikueleze kwa nini ukumbi ulinyamaza.

Shamba lile Shangazi Mize alikuwa ameliazima. Lilikuwa la Mzee Faki, aliyerithi kwa baba yake, na kwa kuwa lilikuwa dogo hakuna aliyeligusa mashamba yalipotaifishwa baada ya Mapinduzi. Kwetu, mtu mwenye ardhi asiyeilima humwazima jirani, tena bila kodi. Jirani analima muhogo, viazi, kunde, anavuna, na kwa adabu anampelekea mwenyewe au ndugu zake pakacha la kwanza. Lakini mti hapandi. Muhogo unang'oka mwaka huu na ardhi inabaki ya mwenyewe, ila mti unakaa, na aliyeupanda ana haki nao. Kwa hiyo mtu wa kuazima akipanda mti, hata uwe mmoja, watu wanajua anachokitaka. Hata kuomba ruhusa ya kupanda ni aibu, maana ni kama kuomba shamba lenyewe. Hamadi hakuyajua hayo. Kwao mjini watu wanagombania baraza, hawagombanii muhogo.

Mzee Faki aliweka kikombe chake chini. Alikuwa mtu mwembamba, mkimya, anafanya kazi ya kuosha trei za chakula cha abiria wa ndege, na tangu alipoondoka Pemba hakurudi hata mara moja. Akavaa koti lake, kifungo kimoja kimoja, hata haraka hakuwa nayo.

"Mize," akasema, "muhogo uliomo ukishauvuna, shamba langu nalitaka."

Akatoka. Hamadi akatugeukia, mikono hewani.

"Yakhe, nimesema nini? Jamani, nimetukana?"

"Afadhali ungetukana," nikamwambia. "Umemfanya shangazi yangu aonekane mwizi wa shamba mbele ya watu."

Tukarudi Kilburn kwa basi. Nilijua shamba lile ni nini kwake. Ndilo lililowatia wajukuu wake chakula mdomoni asubuhi na jioni. Mashamba mengine ya jirani yalikuwa na watu, na mwanamke wa umri wake, mwenye jicho moja linaloona, nani angemwazima jengine baada ya neno kama lile kufika kijijini? Na neno lingefika, maana watu wetu hawaachi simu ilale.

Tulipokwisha sali magharibi nikamwambia nilichokifikiri. Nikasema, "Shangazi, huyu Mzee Faki yuko huku, Hounslow. Haendi kule wala hataki kwenda. Dada yake aliyebaki kule mgonjwa, hatoki nje. Wewe rudi, panda vijiti vyako kimya kimya, vikishika nani atakung'oa? Sisi huku tutamtuliza."

Alikuwa anakunja mswala. Akauacha.

"Saidi, wewe umesomeshwa dini na baba yako, au nimekosea?"

"Nimesomeshwa."

"Mie nikiwa nalima, adhuhuri inanikuta palepale shambani. Natandika kanga yangu nasali. Miaka yote. Sasa hebu niambie, mwanachuoni wangu: ardhi ya mtu niliyoichukua kwa hila, nikisujudu juu yake, nitakuwa namwambia nini Mungu?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililoniuma zaidi.

"Unataka ardhi ipone, na mie nataka. Lakini wewe unataka upesi, kwa kuwa unaionea hamu. Nimekuona unavyotoa uso dirishani. Hamu haikosi adabu, baba, ila mwenye hamu akiwa hana subira huwakosea watu adabu kwa niaba yake. Jumapili utanipeleka kwa Faki."

Basi hiyo ndiyo Jumapili ninayokwambia.

Tulipanda treni mpaka Hounslow, mimi, shangazi na Hamadi. Hamadi alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kufumwa. Shangazi akamtazama juu mpaka chini.

"Unakwenda kuposa, mwanangu?"

"Nakwenda kuomba radhi, Bi Mize."

"Ni mamoja. Kote unainamisha kichwa."

Mzee Faki alitufungulia mlango mwenyewe. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya kaunsili, ya kupangishwa na serikali ya mtaa, sebule ndogo, safi, na ndege za uwanja wa Heathrow zinapita juu ya paa karibu sana hata glasi zinalia kabatini. Watu wa Hounslow wana desturi yao: ndege ikija wananyamaza katikati ya neno, ikishapita wanaendelea kama hakukuwa na kitu. Akatuandalia chai ya mdalasini. Hamadi hakuigusa mpaka aseme lake.

"Ami, nisamehe. Mie mtoto wa mjini. Mti ninaoujua ni ule wa kukaa kivulini nikacheza bao."

"Hata bao hulijui," akasema Mzee Faki. "Nimekuona ukicheza." Lakini akamsogezea kikombe, nasi tukajua hilo limekwisha.

Kisha Shangazi Mize akakaa sawa, akafunga vizuri mtandio wake.

"Faki, nimekuja kukurudishia shamba."

"Nilisema ukishavuna."

"Nilisikia. Lakini nililiazima kwa ulimi wangu, marehemu mama yako akiwa hai na anasikia. Sitalirudisha kwa kutupa jembe na kwenda zangu. Nitalirudisha kwa ulimi, pembe moja moja, ili usije ukasema kuna kitu nimekificha."

Akaanza. Mwanangu, nimesikia khutba nyingi na masheikh wakubwa, lakini sijasikia tena maneno kama yale. Alianzia barabarani. Akasema mnazi wa mpakani ulianguka kwa upepo, naye akamwita mpwa wa Mzee Faki aje aone, ndipo wakaweka jiwe mahali pake. Akasema sehemu ya juu, penye udongo mwekundu, muhogo unatoka vizuri. Akashuka naye taratibu mpaka bondeni alipokuwa mama yake Mzee Faki akilima mpunga, akamwambia maji bado yanasimama palepale. Mzee Faki alikuwa ameinamisha uso, na nilimwona midomo inatikisika kidogo, kama mtu anayefuatisha kisomo anachokijua kwa moyo.

Ndege ikapita. Tukangoja.

"Sasa pale katikati," akasema shangazi, "pale mlipokuwa mkifunga ng'ombe wa baba yako. Pamechoka, Faki. Muhogo unatoka mwembamba kama kidole changu. Nimepalima miaka yote navuna tu, navuna tu. Tulipoletewa ile mbolea ya dukani, ya chumvichumvi, nikatia, mwanzo tukafurahi, sasa nisipotia hapaoti, na nikitia hapaoti vilevile. Uliniazima ardhi nzima, na mie nakurudishia iliyochoka. Hilo ndilo linaloniaibisha, wala si maneno ya ukumbini. Huyu kijana aliponiambia kuna miti inayoirudishia ardhi nguvu, moyo wangu ulikwenda hapo. Sikulitaka shamba lako. Nilitaka nisisimame mbele ya Mola wangu na amana ya mtu ikiwa imeharibika mkononi mwangu."

Mzee Faki akakisukuma kikombe chake kando. Alipozungumza, aliuliza kitu kingine kabisa.

"Kisima kina maji?"

"Kinayo. Hata kiangazi."

"Na ile njia yetu ya kushukia bondeni?"

"Imeota majani. Watoto siku hizi wanapita juu."

"Wanapita juu," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Akajifuta macho kwa kiganja, bila kujificha. "Nikwambie, Mize. Nyumba hii ni ya kaunsili. Siku nikifa, wiki ya pili ataingia mwengine na hatajua hata nilikuwa nikiitwa nani. Kule, watu wakipita barabarani wanasema: hapa kwa Faki. Mie sina jengine lililobaki. Ukipanda miti, watasema hapa kwa Mize. Wala hutakuwa na kosa, ndivyo watu walivyo."

"Basi miti isiwe yangu," shangazi akasema. "Mkono wangu, mti wako. Mie nipe majani tu, niyafukie katika ardhi yako."

"Mti wangu, majani yako."

"Na mashahidi ndio hawa wawili."

"Hata huyu wa bao?"

"Huyu hasa. Ana mdomo wa kutangaza, tumeshaona."

Tukacheka wote, na Hamadi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Mzee Faki akatamka tena, sasa kwa utaratibu, kwamba shamba limebaki kwa Mize kwa kuazima kama mwanzo, na miti ya mbolea ni ya Faki, na kila kitakachokatwa ni halali ya Mize na wajukuu zake. Tukashuhudia, tukasoma Fatiha. Nilidhani tumemaliza. Tulikuwa tumeshasimama tunatafuta viatu alipomwita.

"Mize. Kule juu, karibu na barabara. Nipandie na mkarafuu mmoja."

"Mkarafuu hauna haraka, Faki. Utakuja kuuchuma lini?"

Ndege nyingine ikaja. Glasi zikalia. Nilidhani anangoja ipite ndipo ajibu, na ilipopita akabaki ameushika mlango.

"Sitakuja," akasema. "Panda tu."

Alisema kweli, hakwenda. Alifia hapa na amezikwa hapa, Mungu amrehemu. Shangazi alirudi na jicho lake limepona, akapanda vijiti na mkarafuu kama walivyoagana. Wapitanjia wakaanza kumuuliza, "Bi Mize, miti ya nani hii?" Naye akawajibu, "Ya Faki. Majani ndiyo yangu." Kwa jibu hilo miti ile ilienea. Wenye mashamba waliona kwamba inaweza kupandwa bila mtu kunyang'anywa kitu, na waazimaji wakapata namna ya kuomba bila kudhalilika. Si wote waliokubali. Wengine wamekataa mpaka leo, na ardhi ni yao. Lakini pale katikati, palipochoka, nimeletewa habari kwamba muhogo unatoka mnene kama mkono wa mtu mzima.

Basi mwanangu, usia wangu kwako ni huu. Utakapofika kule, usianze kwa kuwaambia watu ardhi yao ina ugonjwa gani. Wengi wanajua, na wanaona haya kuliko unavyodhani. Uliza kwanza shamba ni la nani, na anayelilima amelipataje. Mwenye nalo akiwa Dar es Salaam, au Maskati, au hapa Hounslow, mtafuteni mpaka mumpate, mseme naye kwa heshima, na mkubaliane waziwazi mbele ya mashahidi kama dini yetu ilivyotufundisha. Itawachelewesha. Pengine likizo nzima itakwisha hamjapanda kijiti hata kimoja. Msihuzunike kwa hilo.

Na ujitazame moyo wako pia. Unakwenda na hamu uliyorithi kwetu, hamu ya mahali ambapo hukuzaliwa. Hiyo ni neema, usiionee haya. Ila hamu yetu haitupi haki juu ya shamba la mtu. Wako wanaoamka alfajiri kuilima ardhi ile nasi tuko huku tunaiota, wasikilize wao kwanza. Kilimo hiki mnachokipenda, ukikitazama vizuri, ni kile alichokitaka Shangazi Mize: kwamba kilichoazimwa kirudishwe kikiwa na afya. Na sisi sote ardhi hii tumeazimwa, kisha tutaulizwa.

Mungu akufikishe salama na akurudishe salama, mwanangu. Aibariki mikono yako na ayape maneno yako upole. Akukutanishe na watu wa kweli, akupe subira ya kungoja ruhusa, na akujaalie upande kitu ambacho ndege na watoto wa wenzako watakula baada yako. Na siku mvua itakapokukuta kule, ya kwanza baada ya kiangazi, simama nje kidogo, uvute pumzi, kwa niaba yetu tuliobaki. Amina.